Sura ya Sita: Anwani Nyingi, Kumbukumbu Ndogo

Muhogo unaweza kuficha ugonjwa hadi siku ya kuvuna. Shina limesimama, majani ya juu ni ya kijani, na mwenye shamba ameshapiga hesabu ya makopa atakayoanika. Akichimba, anakuta mzizi una mabaka makavu ya kahawia ndani ya nyama yake nyeupe, haufai kuchemsha wala kuuza. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. H. H. Storey aliuelezea mwaka 1936 akiwa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, na tangu hapo haujaondoka kwenye ukanda wa pwani.

Naliendele, kilomita chache kutoka Mtwara mjini kwa barabara ya Newala, inajulikana zaidi kwa korosho, maana ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa kilimo inayolibeba zao hilo kitaifa. Lakini watafiti wa hapo wameufanyia kazi muhogo pia. Utafiti wa Rory Hillocks na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba aina za muhogo zisizohimili michirizi ya kahawia zinaweza kupoteza hadi asilimia 70 ya mavuno ya mizizi. Katika mashamba ya kusini zilikutwa pia aina za kienyeji zinazouvumilia ugonjwa huo, Nanchinyaya ikiwa mojawapo. Dalili za mapema zipo, ila zinahitaji jicho lililozoea: tafuta majani ya chini, yaliyokomaa, uone umanjano unaofuata mishipa ya jani. Asiyejua atadhani jani limezeeka tu.

Kuna programu ya simu inayosaidia kuliona jani hilo. Inaitwa Nuru, na ilitengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na taasisi ya IITA. Picha za mwanzo zilizotumika kuufundisha mtambo wake wa kutambua magonjwa ya muhogo zilipigwa hapa Tanzania, katika mashamba ya majaribio upande wa Bagamoyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Mkulima anaielekeza kamera kwenye jani, programu inamjibu kwa Kiswahili. Watafiti walipoijaribu waligundua kwamba usahihi wake unapanda ikipewa majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja. Kubwa kuliko yote, inafanya kazi bila intaneti. Mtambo wote wa kutambua, ambao wataalamu huuita modeli, umo ndani ya simu.

Hapo ndipo swali la sura hii linapoanzia. Tuchukue simu ya bei nafuu ambayo muuzaji wa Mtwara mjini atakuambia ina RAM ya GB 2. Humo mna Android yenyewe, WhatsApp, redio, huduma za pesa, kamera, na sasa modeli ya muhogo. Ukijumlisha nafasi ambayo programu hizo zote zimejiandikia, utapata hesabu inayozidi GB 2 mara nyingi sana. Zaidi ya hapo, katika simu nyingi za biti 64, kila programu peke yake ina haki ya kutaja anwani zinazofika GB 512. Simu haidanganyi mtu, wala haivunji kanuni ya hesabu. Kazi hiyo ya kuwianisha kikubwa na kidogo inafanywa na kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, na namna inavyoifanya inastahili kujulikana na kila anayeandika programu kwa ajili ya watu wenye simu ndogo.

Anwani si mahali

Fikra ya msingi ni ya zamani. Mwaka 1962 kompyuta iitwayo Atlas ilizinduliwa Manchester, Uingereza, kazi ya Tom Kilburn na timu yake. Ilikuwa na kumbukumbu ya aina mbili: moja ya kasi lakini ndogo, nyingine kubwa lakini ya polepole, iliyokuwa kwenye pipa la sumaku linalozunguka. Kabla ya hapo mwandishi wa programu ndiye aliyepanga kipi kikae wapi na kihamishwe lini. Kilburn na wenzake waliiondoa kazi hiyo mikononi mwake. Waliigawa kumbukumbu katika kurasa za ukubwa mmoja, na mashine yenyewe ikawa inazihamisha kati ya pipa na kumbukumbu ya kasi. Programu iliona kumbukumbu moja ndefu isiyokatika.

Mpaka leo mpango ni huo. Anwani anayoitaja programu ni anwani pepe: namba tu, isiyosema chochote kuhusu sehemu gani ya chipu ya RAM inahusika. Anwani halisi inajulikana na kerneli na prosesa. Kumbukumbu imegawanywa katika kurasa, kwa kawaida baiti 4096 kila ukurasa, na kila ukurasa pepe unaweza kuelekezwa kwenye ukurasa wowote halisi ulio wazi, au usielekezwe popote kwa sasa. Ndiyo maana programu mbili zinaweza kutaja anwani ileile na kila moja ikapata kitu chake. WhatsApp haiwezi kusoma namba ya siri unayoiandika kwenye programu ya benki, kwa sababu hakuna anwani yoyote inayoweza kuitaja ambayo itaifikisha huko.

Madaftari mawili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kerneli ya Linux, ambayo ndiyo iliyo chini ya Android, ina madaftari mawili kwa kila programu inayofanya kazi.

La kwanza ni daftari la maeneo. Kila eneo limeandikiwa mwanzo, mwisho, ruhusa zake na chanzo cha yaliyomo. Linafanana na rejesta ya viwanja ya halmashauri: mipaka imepimwa, matumizi yameandikwa, mwenyewe anajulikana, kabla tofali hata moja halijafika. Programu inapoiomba kerneli eneo kwa wito uitwao mmap, jibu huja upesi sana kwa sababu kilichofanyika ni uandishi tu. Hakuna ukurasa uliotolewa.

Daftari hili linasomeka. Ukiwa na ruhusa ya kutosha kwenye simu, unafungua faili liitwalo maps lililo ndani ya saraka ya /proc, na kila mstari ni eneo moja. Tuseme tumekuta mstari huu, ambao nimeutunga kwa ajili ya mfano lakini sura yake ndiyo ya kawaida:

7b2c400000-7b2c900000 r--s 01a3c000 fd:05 48211 base.apk

Namba mbili za kwanza ni mwanzo na mwisho wa eneo, zimeandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita. Tofauti yake ni baiti 5,242,880, yaani MB 5 kamili, sawa na kurasa 1280. Herufi r inasema eneo hili linasomwa. Vistari viwili vinavyofuata vinasema haliandikwi wala halitekelezwi kama maagizo. Herufi s inasema linaweza kushirikishwa. Inayofuata ni hatua ya kuanzia ndani ya faili, kisha namba za kifaa na za faili, na mwishoni jina lake: base.apk, kifurushi kilekile ulichokipakua ulipoiweka programu. Modeli imo ndani ya kifurushi hicho na inasomwa humohumo, bila kutolewa na kuwekwa kando.

Daftari la pili ni jedwali la kurasa. Hili ndilo prosesa inalolisoma yenyewe kila inapotafsiri anwani. Lingeandikwa kama orodha moja iliyonyooka, anwani za GB 512 zingehitaji mistari 134,217,728, na kwa baiti 8 kila mstari orodha ingekula GB 1 kwa kila programu. Nusu ya simu yetu ingekwisha kabla ya jani la kwanza kupigwa picha. Kwa hiyo jedwali limepangwa kwa ngazi, mara nyingi tatu katika simu za namna hii. Kila jedwali dogo lina mistari 512 na linaenea kamili ndani ya ukurasa mmoja. Jedwali la ngazi ya juu linaelekeza kwenye la kati, la kati kwenye la chini, na la chini kwenye kurasa halisi. Sehemu ambazo programu haijazigusa hazina majedwali kabisa. Jedwali moja la chini linahudumia MB 2, hivyo modeli yetu ya MB 5 inahitaji majedwali matatu tu ya ngazi hiyo.

Mguso wa kwanza

Tuifuate anwani moja kwa karibu. Modeli imeanza kazi na prosesa inataka baiti iliyo kwenye 7b2c4a3123. Tarakimu tatu za mwisho, 123, ni mahali ndani ya ukurasa: baiti ya 291 kuanzia sifuri. Zilizobaki ndizo namba ya ukurasa. Prosesa inazigawa katika mafungu matatu ya biti tisa tisa, na kila fungu linaichagulia mstari katika jedwali la ngazi moja. Kwa ukurasa huu fungu la mwisho linatoa namba 163. Prosesa inafika kwenye mstari wa 163 wa jedwali la chini na kuukuta mtupu.

Prosesa haiwezi kuendelea. Inasimamisha programu katikati ya agizo na kuikabidhi kerneli kazi, ikiieleza anwani iliyotakiwa na kama ilikuwa ya kusoma au kuandika. Kerneli inarudi kwenye daftari la kwanza na kuuliza: anwani hii imo ndani ya eneo lolote lililosajiliwa? Programu moja inaweza kuwa na maelfu ya maeneo, kwa hiyo utafutaji huu lazima uwe wa haraka. Kwa miaka mingi Linux iliyapanga maeneo katika mti uitwao mwekundu-mweusi. Kuanzia toleo la 6.1, la Desemba 2022, ilihamia mti wa maple, ulioletwa na Liam Howlett na Matthew Wilcox, ambao umeundwa mahsusi kuhifadhi safu za namba zenye mwanzo na mwisho.

Kama anwani haimo katika eneo lolote, au programu inataka kuandika mahali pa kusoma tu, kerneli inaitumia ishara ya kosa na kwa kawaida programu inafungwa palepale. Mtumiaji anaona ujumbe kwamba programu imesimama. Ukali huo ni ulinzi: kosa la programu moja linaishia ndani ya programu hiyo.

Anwani yetu imo. Eneo linasema yaliyomo yanatoka base.apk, hivyo kerneli inaangalia kwanza kama ukurasa huo wa faili umeshasomwa na upo kwenye RAM. Ukiwepo, inaandika anwani yake halisi kwenye mstari wa 163 na kazi imekwisha. Usipokuwepo, inausoma kutoka hifadhi ya ndani ya simu, na kwa kuwa anayesoma ukurasa mmoja mara nyingi atataka na wa jirani, inasoma na kadhaa zinazofuata. Kisha inairudisha programu kwenye agizo lilelile ilikokatizwa. Agizo linarudiwa, safari hii linafaulu. Programu haikujua kwamba ilisimama. Prosesa nayo inaihifadhi tafsiri hiyo kwenye kache yake ndogo, ili mguso unaofuata usipite tena ngazi tatu.

Maeneo yasiyotoka kwenye faili, kama yale ya picha iliyotoka kupigwa na kamera, hutendewa tofauti kidogo. Mguso wa kwanza wa kuandika unaletewa ukurasa uliojazwa sifuri. Kusafisha huko ni lazima, maana ukurasa huo huenda dakika moja iliyopita ulikuwa na ujumbe wa mtu au salio la mtu.

Kugawana bila kuonana

Android ina mbinu nyingine inayotegemea madaftari hayahaya. Simu inapowaka, kunaanzishwa programu mama iitwayo Zygote, ambayo inapakia maktaba na vifaa ambavyo karibu kila programu itavihitaji. Unapofungua programu, Zygote inajigawa. Mtoto anapata nakala ya daftari la maeneo, lakini kurasa zenyewe hazinakiliwi. Majedwali ya mama na mtoto yanaelekeza kwenye kurasa zilezile halisi, zote zikiwekwa alama ya kusoma tu. Siku mmoja wao akitaka kuandika, prosesa inakatiza, kerneli inanakili ukurasa huo mmoja tu, na aliyeandika anapewa nakala yake. Kwa njia hii programu ishirini zinaweza kutumia maktaba moja iliyokaa mara moja kwenye RAM, na hakuna inayoweza kuona siri za nyingine.

Kumbukumbu ikijaa

Ahadi hizi zote zina siku ya kudaiwa. Mkulima yuko kwenye jani la nne, simu inaita, anapokea, anafungua ujumbe wa sauti, kisha anarudi kwenye kamera. RAM imejaa, na kerneli lazima ipate kurasa huru. Inazitafuta zile ambazo hazijaguswa kwa muda, na hapo inatofautisha aina mbili.

Ukurasa uliotoka kwenye faili na haukubadilishwa ni mwepesi kuachia. Nakala yake ipo kwenye hifadhi, hivyo kerneli inafuta mstari kwenye jedwali na kuutumia ukurasa kwa kazi nyingine mara moja. Ukitakiwa tena, utasomwa upya. Ukurasa ambao programu imeuandika yenyewe hauna nakala popote, hauwezi kutupwa. Simu nyingi za Android huugandamiza na kuuweka katika sehemu ya RAM iliyotengwa, iitwayo zram. Nafasi inapatikana, lakini inalipiwa kwa muda wa prosesa na kwa betri, wakati wa kugandamiza na tena wakati wa kufungua. Hata hilo lisipotosha, mlinzi wa kumbukumbu wa Android anaanza kufunga programu zilizo nyuma. Ndipo mtu anaporudi na kukuta programu imeanza mwanzo, na majani manne aliyoyapima hayapo.

Tofauti hii ya aina mbili ndiyo kiini cha sura nzima. Mwandishi wa programu anaweza kuipakia modeli ya MB 5 kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulisoma faili lote na kulinakili kwenye kumbukumbu ya programu. Kurasa 1280 zinakuwa zimeandikwa na programu, na RAM ikibana kerneli haina ruhusa ya kuzitupa, ingawa kila baiti yake ipo kwenye hifadhi. Ya pili ni kuliunganisha faili kwa mmap. Kurasa zilezile zinabaki safi na zinaachiwa bila gharama ya kugandamiza. Modeli itapitiwa karibu yote kwa kila picha, kwa hiyo njia ya pili haipunguzi kurasa zinazohitajika wakati wa kazi yenyewe. Faida yake inaonekana programu inapofunguliwa, kwa kuwa hakuna kunakili, na inaonekana zaidi simu inapoelemewa. TensorFlow Lite, maktaba iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli za aina hii kwenye simu, imepangwa kwa njia hiyo ya pili: faili la modeli limeandikwa kwa muundo unaosomeka moja kwa moja kutoka pale lilipounganishwa.

Kuna sharti dogo ambalo huwaponyoka wengi. Vifurushi vya Android kwa kawaida hugandamiza yaliyomo. Faili lililogandamizwa haliwezi kuunganishwa, kwa sababu baiti zilizo kwenye hifadhi si zile ambazo programu inazihitaji. Mwandishi lazima ahakikishe kwamba faili la modeli halijagandamizwa. Kifurushi kinakua kidogo wakati wa kupakua, lakini shambani simu inapumua.

Kipimo ni simu ya mkulima

Mwaka 1968 Peter Denning aliandika kuhusu seti ya kazi: zile kurasa ambazo programu inazigusa ndani ya kipindi kifupi. Hoja yake haijachuja. Mfumo unaweza kuahidi anwani nyingi kadiri upendavyo, mradi seti za kazi za programu zinazotumika sasa zinaenea kwenye RAM. Zikizidi, kerneli hutumia muda wake kutoa ukurasa na kuurudisha, na kazi halisi haisogei. Mwenye simu anaijua hali hiyo kwa kuigusa: simu imechemka, kioo kimeganda, betri inashuka.

Mwenye simu ya GB 12 hafiki huko kirahisi, na kwa bahati mbaya wengi wanaoandika programu wanazijaribu kwenye simu za namna hiyo. Gharama ya uzembe wao haionekani mezani kwao. Inaonekana Naliendele, Msimbati na Kitaya, kwa mtu aliyenunua simu aliyoimudu. Naliona hili kuwa suala la haki. Programu ya kilimo inayofungwa katikati ya kazi kwenye simu ya GB 2 imemwacha nje mtu yuleyule iliyetengenezwa kwa ajili yake, hata kama modeli yake ina usahihi wa kupigiwa mfano.

Mambo ya kufanya yanajulikana na hayahitaji mtaji. Faili lisilobadilika liunganishwe, lisinakiliwe. Picha ya kamera ipunguzwe hadi ukubwa ambao modeli inauhitaji, na kumbukumbu ya picha kubwa iachiwe papo hapo. Matokeo ya kila jani yaandikwe kwenye hifadhi mara yanapopatikana, ili programu ikifungwa na mlinzi wa kumbukumbu, jani la tano liendelee kutoka la nne. Asidhani mtu kwamba ukurasa ni baiti 4096 daima: Android 15, ya mwaka 2024, imefungua mlango wa kurasa za KB 16, zinazopunguza mistari ya jedwali, na programu iliyoikariri namba ya zamani inaweza kuanguka kwenye simu mpya.

Tanzania sasa ina vijana wengi wanaoandika programu, na baadhi yao watatengeneza zana za korosho, ufuta, karanga na muhogo kwa ajili ya kusini. Kerneli imeshafanya sehemu yake: imeandika maeneo, imechelewesha malipo hadi mguso wa kwanza, imegawanisha kinachogawanika na kuachia kinachoachika. Sehemu iliyobaki ni ya mwandishi wa programu, na hawezi kuikamilisha bila kushika simu ya GB 2, kuijaza programu ambazo mkulima anazitumia kweli, kisha kusoma daftari la maeneo mstari kwa mstari na kuweza kueleza kila mstari upo kwa sababu gani.